Injini Iliyoomba Radhi Mwika

Uliiona ile pikapu. Usiseme hukuiona. Ilisimama siku tatu mbele ya dirisha la ofisi ya Shirika pale Himo, rangi ya bluu iliyopauka, milango minne, injini ikinguruma na kusema maneno yake waziwazi, na wewe ukapita na mkungu wako kichwani ukageuzia macho upande wa duka la chumvi, kana kwamba chumvi ilikuwepo. Haikuwepo. Mwaka ule hapakuwa na chumvi kuanzia Himo hadi Moshi mjini, na unalijua hilo vizuri. Basi, kwa kuwa uligeuza shingo, kaa chini usimuliwe upya, na safari hii usijifanye una haraka.

Asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa pili mwaka 1982, Fundi Wenseslaus wa Kibosho alikuwa amelala chali chini ya pikapu hiyo katika kihamba cha Aminieli, yaani shamba la migomba la nyumbani kwake, Mwika. Juu yake, kwenye tawi la mringaringa, ilining'inia injini ya dizeli kwa mnyororo. Pikapu yenyewe Aminieli aliinunua mwaka wa Uhuru. Watu sita walikaa ndani kwa raha, ndizi zikakaa nyuma, na kwa miaka mingi harusi zote za kuanzia Mwika hadi Marangu zilisubiri kwanza kujua kama Aminieli ana nafasi. Lakini ilikuwa ya petroli, na petroli sasa ilitolewa kwa kibali, na kibali kilitolewa kwa mtu anayemjua mtu.

Aminieli mwenyewe hakuwepo. Alikuwa jela. Juni 1980 alibeba gunia arobaini za kahawa ya kijiji, kila moja likiwa na alama nyekundu ya Mwika, akazishusha kwenye ghala la Shirika la Mazao ya Mlimani pale Himo. Akaambiwa kitabu cha stakabadhi kimekwisha, aje wiki ijayo. Wiki ijayo akaambiwa wiki ijayo. Mwezi wa saba magunia kumi na moja yenye alama nyekundu yakakutwa vichakani, upande wa pili wa mpaka, karibu na Taveta. Ilibidi akamatwe mtu, na Aminieli alikuwa na gari. Akafungwa miaka saba kwa magendo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa na kifua kibovu.

Mkewe Elinipendo, ambaye majirani walimwita Mama Ruth, alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, migomba, na mume wa kupelekewa chakula kila mwezi. Ndiyo maana alitoa mtamba mmoja kwa wauza vyuma chakavu, akapewa injini ya dizeli iliyong'olewa kwenye lori lililopinduka darajani. Dizeli ilipatikana. Wenye matrekta ya mpunga kule Chekereni walikuwa nayo, na walipenda ndizi.

"Itaingia?" Mama Ruth aliuliza.

"Itaingia, mama. Ila hii ni nzito kuliko ile ya zamani kwa mabibi harusi wawili," alisema Wenseslaus kutoka chini. "Nimeongeza springi za mbele. Sasa gia boksi ndiyo haitaki kuijua. Nimechonga bamba la chuma niwakutanishe."

"Wakikataana?"

"Wakikataana watazoeana. Ndoa ngapi ziko hivyo?"

Jirani yao mzee, meku Eliamini, alikuwa amekaa juu ya tairi tangu saa moja asubuhi akiangalia kazi. Hakusaidia kitu. Kwa umri wake, kuangalia ndiyo ilikuwa kazi.

Saa saba mchana injini ilikaa mahali pake. Ulibaki mpira mmoja tu wa dizeli uliokuwa ukichezacheza, na waya ulikuwa umekwisha. Mama Ruth alikuwa jikoni akipakua kiburu cha ndizi na maharage. Wenseslaus alikuwa na grisi hadi viwikoni, na akili yake ilikuwa kwenye chungu. Akanyoosha mkono kwenye mpaka wa kihamba, akachuma jani la sale, akaufunga ule mpira kwa jani hilo, akapiga fundo.

Sasa, kila mtu wa mlimani anajua sale. Ndio mmea wa mpakani, na ndilo jani la kuombea radhi. Aliyekukosea akija na jani la sale lenye fundo, huwezi kumfukuza, hata kama alimuua ng'ombe wako. Lakini naye hawezi kusimama tu na jani kama mgomba. Anatakiwa kwanza ataje kosa lake lote kwa kinywa chake mbele ya shahidi. Wenseslaus alilijua hilo tangu utotoni. Alisahau tu, kwa njaa. Meku Eliamini aliliona lile fundo likipigwa na hakusema neno, maana alidhani fundi anajua anachokifanya.

Walipokwisha kula, Wenseslaus akaingia ndani ya gari, akapasha injini moto, akawasha. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ilitoa moshi mweupe. Mara ya tatu ilitoa moshi mweusi, ikatulia, ikasema:

"Hodi."

"Karibu," alisema Mama Ruth.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

Injini ilizungumza Kiswahili cha ofisini, kwa sababu ilikuwa imelitumikia Shirika miaka tisa.

"Napenda kuchukua nafasi hii," ilisema, "kutoa ta-ta-ta-ta-taarifa…"

"Nozeli ya tatu," alisema Wenseslaus. Akachukua spana, akaikaza. "Haya, endelea."

"…taarifa kuhusu gunia arobaini za Mwika. Gunia hizo nilizibeba mimi. Nilizibeba Juni 1980, siku tatu mfululizo, mchana kweupe. Lori lilipita Himo saa kumi alasiri, watu wakiwa wamekaa nje wanakunywa chai. Dereva alikuwa dereva tu. Aliyekaa katikati akielekeza njia ni Bwana Leodegar, bwana usafiri wa Shirika, na alikuwa anakula karanga. Tulishusha upande wa pili. Mara ya tatu gunia kumi na moja zilidondoka vichakani kwa sababu mlango wa nyuma haukufungwa vizuri. Wakati wa kurudi nilibeba sabuni, betri za redio na baiskeli mbili."

Na hapo wewe unayesoma usikohoe. Sabuni ile uliinunua. Uliikata vipande kwa uzi ukawauzia na majirani, na hukuuliza imepita wapi.

"Hilo ndilo kosa langu," injini ilimalizia. "Naomba radhi."

Meku Eliamini aliinuka kwenye tairi, akajipangusa. "Limetajwa," alisema. "Mimi shahidi."

Mama Ruth alimenya ndizi tatu za jioni. Kisha akafungua boneti, akaligusa lile jani kwa vidole viwili, kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe," alisema. "Wewe ni chuma. Ulikanyagwa ukaenda. Kesho kutwa tutaenda kwa aliyekanyaga."

"Kesho kutwa sawa," ilisema injini. "Kesho ni Jumapili, na magari binafsi hayaruhusiwi barabarani baada ya saa nane."

Jumatatu saa mbili asubuhi pikapu ilisimama mbele ya dirisha la Shirika. Injini ilipiga hodi, ikaamkia, ikarudia taarifa yake neno kwa neno, hadi karanga. Karani Mektrida alitoa kichwa dirishani, akasikiliza, akaona hayo ni maelezo rasmi. Akatoka nje na kiti, meza ndogo na taipureta, akapachika karatasi nne na kaboni tatu.

"Jina?"

Injini ikataja namba yake.

"Umri?"

"Miaka kumi na moja."

"Kabila?"

"Dizeli."

"Dini?"

"Sina. Ila niliwahi kubeba saruji ya kanisa."

"Nitaandika anaelekea kanisani," alisema Mektrida, akapiga herufi. Mwisho Mama Ruth alipaka kidole oili ya kwenye kijiti cha kupimia, kwa niaba ya injini, akakibonyeza chini ya karatasi mahali pa dole gumba.

Bwana Leodegar alitoka saa nne, tai shingoni, kikombe mkononi. Aliizunguka pikapu mara moja, akapiga tairi teke kidogo kama wanunuzi wanavyofanya.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Bwana Leodegar. Umesikia?"

"Nimesikia. Mmefunga vizuri. Bamba la gia boksi mmechonga wapi?"

"Umesikia inavyosema?"

"Nimekwambia nimesikia." Akanywa chai. "Tatizo ni moja tu. Injini hii ilikuwa mali ya Shirika, na sasa inatoa siri za Shirika hadharani. Hilo ni kosa, mama. Mimi sitaki kuwa mkali, lakini ingekuwa mtumishi mwingine, angeshaachishwa kazi."

"Imeshaachishwa," alisema Mama Ruth. "Niliitolea mtamba."

Leodegar akacheka kwa heshima, akarudi ndani. Siku tatu injini ilisema na siku tatu watu walipita. Wengine walisimama kuuliza inatumia dizeli kiasi gani kutoka Mwika hadi Himo. Mtu mmoja alisifu sauti yake, akasema injini za siku hizi hazisemi hivyo.

Alhamisi Mama Ruth alikwenda kumwona mumewe. Aminieli alisikia mlio tokea ndani ya ukuta, na alipoletwa kwenye wavu hakuanza na salamu.

"Petroli umepata wapi?"

"Si petroli. Nimeweka dizeli."

"Imetoka wapi?"

Akamweleza yote: lori, darajani, jani, gunia arobaini. Aminieli alishika wavu. Alikuwa amekonda, na kila alipovuta pumzi kifua kilipiga filimbi. Askari akaangalia saa.

"Gia ya pili inaingia?" aliuliza Aminieli.

"Inagoma kidogo."

"Usiilazimishe. Ihesabie mbili, halafu uisukume." Akakohoa. "Mama Ruth, huku ndani sitamaliza hiyo miaka mitano na nusu. Nakwambia ili ujue. Kaza mwendo."

Akakaza mwendo. Maelezo ya Mektrida yalifika mahakamani, pamoja na ombi la kuitazama upya kesi ya Aminieli, na pikapu ikaitwa. Haikuweza kupita mlangoni, kwa hiyo hakimu aliagiza dirisha lifunguliwe na injini iapishwe ikiwa uani. Ikaapa. Ikatoa ushahidi bila kujikwaa, maana Wenseslaus alikuwa amebadilisha nozeli. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho akaandika pembeni ya jalada kwamba shahidi ni mtulivu na anaaminika.

Ndipo mwendesha mashtaka akaomba kadi ya gari. Kadi ilisema: pikapu, bluu, petroli.

"Mheshimiwa," alisema, "gari la petroli linawezaje kushuhudia mambo ya dizeli?"

Hakimu aliitazama kadi mbele na nyuma. Akasema hoja ni nzito. Akaagiza kadi irekebishwe kwanza. Ili kadi irekebishwe ilihitajika sahihi ya mmiliki wa awali wa injini, yaani Shirika, idara ya usafiri, yaani Bwana Leodegar. Bwana Leodegar alikuwa likizo. Aliporudi likizo, mhuri ulikuwa likizo.

Wakati huo habari ya fundo ilikuwa imeshapanda na kushuka mlima. Watu hawakushangaa, lakini walikuwa na masale kila mpaka wa kihamba na walikuwa na muda, kwa kuwa hapakuwa na kitu madukani. Mtu mmoja alifunga jani kwenye mizani ya kituo cha kununulia kahawa. Mizani ikaomba radhi tangu saa mbili hadi saa kumi na moja jioni, ikiwataja wakulima mmoja mmoja kwa jina la baba. Mtu mwingine alifunga jani kwenye kufuli la ghala. Bi Salvina, mwalimu wa jumuiya ya akina mama, alifunga jani kwenye spika ya mikutano ya hadhara ya chama, na spika ikaomba radhi kwa kifupi ikazima, na tangu hapo haijafanya kazi. Hata taipureta ya Mektrida ilifungwa. Ilianza kujiandika yenyewe, kurasa kumi na saba, na Mektrida akazitia kwenye faili kwa mpangilio wa tarehe.

Mwezi wa sita ukaja waraka. Ulibandikwa kwenye mbao zote za matangazo, nawe uliusoma, maana ulisimama kuusoma ukiwa umekunja mikono nyuma. Ulisema kuwa mmea uitwao sale hauruhusiwi kuwa ndani ya hatua mia mbili kutoka kwenye mashine, mizani, gari au chombo chochote cha umma, na kwamba mwenye kihamba kilicho jirani na kituo cha kahawa aung'oe kwa gharama zake mwenyewe. Watu waliung'oa. Magunia ya masale yakapelekwa kuchomwa, na lori lililoyabeba lilizimika njiani mara tano kwa sababu lilikuwa na mengi ya kusema.

Na Bwana Leodegar? Alipandishwa cheo. Waliona ni mtu aliyekaa kimya wakati kila chombo kinapayuka, na uongozi ulihitaji mtu wa namna hiyo mkoani. Akaandaliwa sherehe ya kuagwa, mbuzi watatu na mbege, pombe ya ndizi. Kwa kuwa magari yote ya Shirika yalikuwa yamesimamishwa mpaka yakaguliwe kama yana majani, pikapu ya Mama Ruth ilikodiwa kubeba viti.

Mama Ruth alivaa gauni la kanisani. Injini aliiagiza iwe na adabu, na ikawa nayo, ikasema tu "pole na safari" kila kiti kilipopakiwa. Ilipofika zamu ya kupeana mikono, wageni wakapanga mstari. Mama Ruth alipofika mbele ya Leodegar alitoa jani la sale kwenye pochi, jani bichi kabisa, akalifunga kwenye tai yake, akapiga fundo taratibu, huku meku Eliamini amesimama nyuma yake kama shahidi. Mektrida alikuwa ameandaa karatasi nne na kaboni.

Watu wote wakasogea karibu. Hata kuku.

Leodegar aliliangalia lile jani. Akafungua mdomo.

"Asanteni sana," alisema. "Mmenipamba."

Mama Ruth alisubiri. Alisubiri mpaka mbuzi wa pili akaisha. Jani lilibaki kwenye tai ya Leodegar jioni nzima, likining'inia hapo huku yeye akila, akicheka, akipiga picha na wazee. Halikumtoa neno. Sale inajua kufungua chuma. Ilifungua mizani, ilifungua kufuli, ilifungua spika ya chama. Bwana usafiri haikumfungua, na hakuna aliyeona ajabu. Kesho yake aliondoka kwenda mkoani, na jani alilitupa dirishani karibu na Kiboriloni.

Aminieli yuko jela bado. Sasa ni mwaka 1984, na daktari wa jela ameandika "kifua" kwenye karatasi mara tatu, na mara ya tatu amepiga mstari chini yake. Pikapu inakwenda Himo kila siku ya soko. Wakikwama mlimani injini humwambia Mama Ruth ahesabu mbili ndipo asukume, na abiria huitikia salamu zake kama wanavyoitikia salamu za kondakta yeyote. Rufaa imekubaliwa kusikilizwa. Lakini jaji amesema hivi, na barua yake ipo: ushahidi wa injini hauwezi kupokelewa mpaka kadi irekebishwe, ushahidi wa mizani unahusu mizani, na kinachohitajika ni binadamu mmoja tu, mwenye pumzi na jina, aliyeliona lori la Shirika likipita Himo na magunia ya alama nyekundu, saa kumi alasiri, Juni 1980.

Mmoja. Na nje ya mgahawa wa chai pale Himo siku hiyo mlikuwa zaidi ya ishirini.

Wenseslaus hawezi, alikuwa Kibosho. Meku Eliamini hawezi, alikuwa shambani, na amekataa kudanganya hata kwa ajili ya jirani. Mektrida aliingia kazini mwaka uliofuata. Mama Ruth ni mke, hahesabiwi. Umebaki wewe. Ulikuwa na kikombe mkononi, uliyahesabu magunia yale kwa mdomo ukamwambia mwenzako "leo wamejaza," kisha ukaomba chai nyingine. Chuma kimeshasema sehemu yake, na kimeapa.

Rufaa ni kesho kutwa, Jumatano, saa tatu asubuhi, Moshi mjini, chumba cha pili kulia. Usingoje kuitwa, hutaitwa, jina lako hawalijui. Usiulize Leodegar atasemaje. Aminieli anavuta pumzi kwa shida wakati unasoma mstari huu. Kunja karatasi hii, vaa viatu, nenda ukaseme ulichokiona.